Wilaya Isiyo na Chifu

Dada Jeruto,

Nimemwona Chebet wako. Ni mzima, amenenepa kidogo. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, joto lilitufungia kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Satwa, huku ughaibuni. Tulipoletewa chai akakunjua ramani ya wilaya moja ya pwani ya Uingereza. Madam wake, anayemfanyia kazi za nyumbani, anahamia huko na anataka waende pamoja. Aliogopa kukuambia.

"Anko, gavana wa kaunti ya huko ni nani?"

"Hawana gavana. Barabara na shule ni za baraza la kaunti. Taka na nyumba ni za baraza la wilaya."

"Na chifu?"

"Hakuna."

Akaikunja ramani. "Sasa nikikosana na madam, Mama atamwendea nani?"

Nikamtafutia diwani wa kata watakayohamia. Namba yake iko wazi kwa yeyote. Huo mwandiko pembeni mwa kadi hii ni wa Chebet, ameiandika namba hiyo mara mbili usije ukaikosea. Bahari inamega ufuo huko, lakini nyumba iko mbali, nimepima mwenyewe kwenye ramani. Madam hajajibiwa. Chebet anasubiri kwanza sauti yako, aende au asiende.

Kaka yako anayekukumbuka,
Kiptoo