Kuku Wanaatamia Chini ya Gari la Wagonjwa

Mjukuu wangu Wadih,

Salamu nyingi kutoka mlimani kwetu, zikukute huko Montreal ukiwa mzima na umevaa soksi. Mimi mzima, ila magoti. Mwandiko usinicheke, shule niliiacha pale nilipoweza kuandika jina langu.

Unauliza lile gari la wagonjwa tuliloletewa na wafadhili. Lipo uani mwa ofisi ya kijiji, jeupe kama bibi harusi aliyekimbiwa, na kuku wanaatamia chini yake. Halina dereva. Baraza lina watu sita wa Abu Nasri na sita wa Ustadhi Fahim, na kila upande unataka dereva awe wa kwao. Wakipiga kura, sare. Wanaaga, wanakwenda kula.

Masika nilikwenda kwa Abu Nasri kuomba dereva. Kahawa ilipoletwa nikaiweka chini bila kuigusa, kama afanyavyo mgeni mwenye haja. Akasema, kunywa Mama Jiryis, haja yako nimeibeba. Nikanywa. Nikaenda kwa Fahim, naye akaniambia, kunywa, dereva nimeshapata. Nikanywa na huko. Mjinga mimi! Zamani mtu akishakwambia kunywa, atauza ng'ombe asivunje ahadi.

Na wewe usijifanye hayakuhusu. Tiketi ya ndege ya kuja kupiga kura ulikatiwa na watu wa Abu Nasri. Ukashuka nywele zinang'aa mafuta, ukapiga kura, ukamaliza biskuti zangu za maamul, ukaondoka. Mtu wao wa sita alipita kwa kura moja, na mwenye kura hiyo namjua. Babu yako akakwambia umeuza kijiji kwa kiti cha dirishani. Ukamjibu, wazee hamjui siasa.

Sasa sikiliza. Kila ukipiga simu ukimtaka, nimekuwa nikikwambia bado amekununia. Nimekudanganya. Babu yako Shukri hana kinyongo nawe, hana ulimi. Kiharusi kilimpiga akiwa juu ya ngazi, tunavuna zeituni. Nilikimbia ofisini, mtunza ufunguo wa gari akasema hautoi bila sahihi za pande zote mbili. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani Tannous, juu ya magunia. Daktari akatugombeza kwamba tumechelewa. Nikamwambia akamgombeze mwenye ufunguo.

Jumapili wakaja Abu Nasri na Fahim wote wawili kumjulia hali, kila mmoja na sinia yake ya baklawa. Nikawapa kahawa. Wakaiweka chini! Abu Nasri akasema hanywi mpaka nimwahidi kura za nyumba hii; Fahim naye hivyo hivyo. Babu yako amelala pale pale, anasikia yote. Nikavichukua vikombe, nikavimwaga kwenye maua, nikawaambia mlango wanaujua.

Mwakani ni uchaguzi tena. Ukitaka kuja, njoo kwa nauli yako.

Jirani wote wanakusalimu, hata wasiostahili kusalimia. Na ukipiga simu nitamwekea babu yako sikioni. Ongea tu, mwanangu. Usingoje akujibu.

Ni mimi bibi yako,
Nazha