Wavu Wako Umepatikana, Papa Furaha

Rafiki yangu, Papa Furaha,

Wavu wako umepatikana. Naanza na hilo maana najua huna subira, hata huko uliko.

Juzi nilitega ndoano za chini nje kabisa, pale kilindi kinapoanza, nikitafuta samaki wale wakubwa, kuhe. Zikanasa. Tulivuta mpaka mikono ikachubuka, nikidhani ni gogo. Ukapanda wavu uliojaa tope jeusi linalonuka kama yai viza. Nilipoliosha tope nikaona maboya: vipande vya ndala, kimoja cha rangi ya waridi, ile ndala ya Mama Furaha uliyoikata bila ruhusa, akakununia wiki nzima. Na mafundo yako ya mkono wa kushoto. Nani mwingine hapa Kalemie anafunga vibaya namna ile? Nililia mle mle mtumbwini, wenzangu wakinitazama.

Unakumbuka asubuhi ile ardhi ilipotikisika, masufuria yakaanguka majumbani? Baadaye ziwa likawa la kahawia, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Wavu wako ukawa haupo. Wangu, niliotega jirani na wako, ulikuwapo. Basi ukapiga hesabu zako. Mbele ya wavuvi wote na akina mama wanaoanika visamaki vya ndagala ukasema, "Ni weye njo uliiba nyavu yangu. Hata nikikufa, usiguse sanduku yangu."

Ukafa kweli. Homa ilikuchukua kabla hatujapatana, na wadogo zako wakalishika neno lako, wakanikataza kubeba jeneza. Nilikufuata makaburini nyuma ya watu wote, mikono mitupu, mimi niliyejifunza kupiga kasia pamoja nawe.

Mpwa wangu, yule anayesomea mambo ya miamba Lubumbashi, yuko hapa likizo. Nikamwonyesha wavu. Anasema chini ya maji kuna milima na mabonde kama ya njia ya kwenda Kirungu. Ardhi ikitetemeka, tope la mteremko linaporomoka, linashuka bondeni na kila kilicholala juu yake. Wavu wako ulilala ukingoni. Wangu ulikuwa kando kidogo, ukapona. Akaniambia, "Mujomba, hakuna mwizi. Ni udongo njo ulikimbia."

Niliupeleka kwa Mama Furaha. Aliuweka ule wavu mapajani, akakitafuta kile kipande cha ndala yake. Kisha akasema, "Alikufa na kasirani ya bure."

Nimeingoja siku hii tangu uliponiita mwizi. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kukuchoma. Ungeona haya, halafu ungecheka, ungenipiga begani, tungeenda kula. Siku yenyewe imefika na wewe hupo. Nitamwonyesha nani kwamba sikuiba? Wengine wote hawakuwa na maana, ni wewe tu niliyetaka ujue. Naumia, Papa Furaha. Naumia kuliko siku ile uliponitukana.

Sasa ufukweni wameanza kusema ulikuwa mwongo. Nakuahidi hawatalisema mbele yangu nami nikanyamaza. Nitawaambia, na nitarudia hadi wachoke: hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, ni ardhi ya chini ya ziwa iliyohama.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akulaze pema. Nilikusamehe zamani, hata kabla ya wavu kupanda.

Ila ungekuja nyumbani tu, ukaniuliza.

Mimi wako,
Papa Neema