Marehemu Yuko Mbele

Jumatatu, 10 Februari 2025
Nimerudisha fomu! Uenyekiti wa kamati ya mwamba. Wanawake ndio tunaoshinda mwambani tukitafuta pweza; wanaoamua mwamba ufungwe lini ili pweza wakue ni wanaume. Shangazi Hindu kaniambia: siku ya kura kaa mbele, nena wa kwanza, usiiombee sauti yako radhi. Bwana Mahdi, mwenyekiti wa miaka kumi na moja, kaipokea fomu kwa vidole viwili. Hakuniangalia.

Jumatano, 12 Februari
Niko Wiyoni, hapa Amu mjini, kwa binamu yangu Afra. Asubuhi simu yake ikalia — Rawiya, shoga yangu wa kijijini, analia. Nikachukua: ni mimi, Raihana. Kisha akauliza, weye nani? Imetangazwa msikitini kijijini kuwa nimefariki Amu, na nimezikwa huku huku. Nilicheka! Afra hakucheka.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeshuka boti Mkokoni, nikatembea hadi kwetu. Wanawake walikuwa wakiponda pweza. Mikono ikasita. Nikatoa salamu — hakuna aliyeitikia. Mmoja aliniangalia miguu, kama anatafuta kwato.
Nyumbani mikeka ya matanga. Mama kanipapasa uso kama kipofu. "U moto," akasema. Lakini chakula changu kaniwekea nje, mlangoni.

Ijumaa, 14 Februari
Kwa karani wa kamati, Obeid. Jina langu kwenye orodha ya wagombea limekatwa kwa mstari. Kando yake: marehemu. Nikamwambia, nipo mbele yako! Kwa upole kabisa akasema nilete barua ya mzee wa kijiji. Mzee ni kakake Mahdi.
Nani alitangaza? Wote wanasema waliambiwa.
Leo nimejigusa mara nyingi. Rawiya kaja, kanibana mkono mpaka ikabaki alama. Afadhali.

Jumamosi, 15 Februari. Mkutanoni, siku ya kura
Nimekaa mbele. Viti vya kando yangu vitupu. Nimenena wa kwanza: mwamba ufungwe miezi mitatu, na wanawake wawe nusu ya kamati. Wameningoja nimalize, kama watu wanaongoja mvua ipite.
Sasa Mahdi amesimama. Anasema marehemu Raihana aliacha mawazo mazuri — mwamba ufungwe miezi mitatu. Maneno yangu! Nusu ya kamati hajaitaja. Anasema yeye atayatekeleza, kwa heshima ya marehemu. Kwanza tumsomee Fatiha.
Mikono inainuka kwa dua, miwili miwili. Rawiya kaikunja yake mapajani. Mama yuko mstari wa pili, ananitazama machoni. Mama, usi— Anainua mkono mmoja. Anainua