Mume Wangu Alisikia Maneno ya Damari Akadhani Ni Yangu

Mama Hulda mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu baada ya Jumamosi sitahitaji ushauri tena, nitahitaji mahali pa kujificha. Naitwa Rosebella, naishi hapa Eldoret, nafuma sweta za shule kwa mashine nyumbani, na mume wangu Otiende anauza spea za trekta mjini, mwanaume mzuri, hanywi, hanipigi, lakini maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kikabaki bila kazi. Tangu binti yetu Marion aende chuo, nyumbani ni mimi na mashine.

Sasa mwezi wa tatu binti ya jirani, Mwihaki, ambaye amesomea mambo ya filamu, alikuja akaniambia anatengeneza sinema yake mwenyewe, hana kampuni nyuma yake, kamera ni ya kuazima, na ni hadithi ya watu wanne wa mji huu ambao hawajuani, yaya wa mtaa wa Elgon View, mkimbiaji aliyeumia goti, mzee aliyefiwa na bibi, na mwanamke anaitwa Damari ambaye anaacha mume wake asubuhi moja, na wote wanne wanatafuta furaha kila mtu kivyake mpaka mvua inawakusanya chini ya veranda moja ya duka. Akasema, "Mama Marion, wewe ndiye Damari." Nikacheka, nikakataa, na kesho yake nikaenda. Otiende nilimwambia naenda kikundi cha akina mama kanisani. Nilijua angeuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini mbele ya kamera.

Basi nikawa nafanyia mazoezi jikoni, mbele ya jiko, nikidhani niko peke yangu. Siku moja nasema kwa sauti ya Damari, "Miaka ishirini nakupikia, na hujawahi kuniuliza kama nimekula!" Kugeuka hivi, nikaona Otiende kwenye dirisha, ametoka kulisha kuku, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi. Akaondoka. Jioni tumekaa mezani akaniangalia, akakohoa, akasema, "Umekula?"

Mama, bakuli lilitaka kunitoka mkononi.

Hapo ndipo ningesema ukweli, lakini sikusema, kwa sababu ilikuwa tamu. Keshoye akanibebea uzi kutoka dukani. Akaninunulia viatu, vidogo, lakini viatu. Na mimi, shetani akanishika, nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti kubwa zaidi kila nikisikia yuko nje, halafu nikaanza kuongezea maneno ambayo hayako kwa skripti. Nilisema, "Nimechoka, naondoka, na hata hii sinki inavuja tangu mwaka jana!" Damari hana sinki, Mama. Damari wa sinema anachota maji kwa mtungi. Sinki ikatengenezwa kabla ya Jumapili. Nikasema mapazia yamenizeesha, mapazia yakaja.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu na Wahome, mwenye duka la chakula cha kuku, na huyo Wahome ndiye Mwihaki alimchagua kuwa mume wa Damari kwenye sinema. Akaniambia, "Mama Marion, mzee wako yuko hapa kwangu. Amekuja kununua chakula cha kuku, amekisahau, amekaa kwenye gunia, ananiuliza mwanamke akishaamua kuondoka mtu hufanya nini. Mimi nimwambie nini, na kwenye sinema mimi ndiye naachwa?" Kumbe Otiende hali vizuri, hata shati limeanza kumning'inia, na nikadhani ni kazi. Na amemwita dada yake Eddah kutoka Siaya aje Ijumaa kutupatanisha, na Jumamosi mchana sinema inaonyeshwa kwa ukumbi na mtaa mzima umealikwa. Nikimwambia, nitakuwa nimemtesa bure, na naogopa atarudi kunyamaza, na nisipomwambia ataniona kwenye ukuta mkubwa nikimuacha Wahome kwa maneno yale yale. Nifanye nini?

Rosebella, Eldoret

*

Rosebella,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kuna nini. Kisha nikafika pale mume wako amekaa kwenye gunia, kicheko kikaisha.

Gazeti letu hutoka Jumanne na wewe Jumamosi yako haingoji, kwa hivyo nilikupigia simu. Niliyokuambia nayarudia hapa, kwa kuwa najua si wewe peke yako unayeongea na mume kupitia dirisha.

Kuigiza kwenye sinema si dhambi. Mwanamke wa umri wako anatafuta furaha mbele ya kamera kama vile wengine wanavyoitafuta kwenye kwaya au kwa kufuga ng'ombe wa gredi. Kumdanganya kuhusu kanisa ni vibaya, na unajua. Lakini mapazia, Rosebella! Mtu anaogopa kukupoteza, na wewe unatumia hiyo hofu kupamba sebule. Wakati anakonda wewe ulikuwa unachagua rangi?

Halafu unaniambia ni maneno ya Damari tu. Kweli? Mwihaki aliandika mengi kwenye ile skripti, na wewe uliyasema mbele ya jiko lako kama mtu aliyengoja miaka kupewa ruhusa. Otiende hakukosea sana kudhani ni yako. Alikosea mahali pamoja tu, kwamba unataka kuondoka.

Kwa hivyo usingoje Eddah, usingoje Wahome aropokwe. Mwambie leo, mchana, mmekaa, mashine imezimwa. Anza na kosa lako, usianze na sinema. Mwambie yapi yalikuwa ya Damari na yapi ulitunga. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, na usimkimbize na chai kila dakika tano. Kisha mwambie kitu kimoja unachotaka kutoka kwake ambacho hakuna mtu alikuandikia, na umwangalie usoni ukisema. Na Jumamosi umkalishe karibu nawe, kiti cha mbele. Kama atarudi kunyamaza, utamuuliza kwa nini ananyamaza. Umewahi kumuuliza? Hilo barua yako haikusema.

Jumapili ulinitumia ujumbe huu, na kwa ruhusa yako nauchapisha:

"Mama Hulda, nilimwambia Jumatano. Aliinuka, akaenda kwa kuku, akarudi, akauliza, 'Kwa hivyo hauendi?' Nikasema siendi. 'Na sinki?' Nikasema hiyo ilikuwa yangu. Alikasirika, Mama. Siku mbili alikuwa ananiwekea chumvi mezani bila kuniangalia. Niliumia lakini sikumkimbiza.

Eddah tulimpigia simu asije, akasema ameshafunga samaki wa kutuletea na samaki hawarudi. Akafika Ijumaa, akasikiliza yote, akaniambia, 'Wifi, ungekuwa mtoto ningekufinya,' kisha akauliza kama ukumbini kuna viti vyenye mgongo.

Jumamosi tuliketi mbele. Mvua ilikataa siku za kupiga picha kwa hivyo ile ya veranda ni maji ya bomba la mpira kutoka pale pa kuoshea magari, na watu wetu wanayajua mabati ya pale, walicheka. Lakini Damari alipobeba begi hakuna aliyecheka tena. Otiende alinishika mkono akafinya kama nitaruka. Eddah akasimama akamfokea Wahome kwenye ukuta, 'Wewe mwanamume, si umfuate!' na Wahome mwenyewe nyuma yetu akajibu, 'Mama, hawakuniandikia hiyo!'

Tulipotoka bado ilikuwa mchana. Eddah akatangulia na Mwihaki, anataka kujua kama kuna sinema nyingine inatafuta shangazi. Sisi tukatembea pole pole. Otiende akaniita Rosebella. Tangu Marion azaliwe mimi ni Mama Marion. Akasema, 'Yule mtoto alipoenda chuo nilishtuka. Nikaona kila kitu tulikuwa tunaongea kilikuwa juu yake. Karo yake, kikohozi chake, nywele zake. Nikikuangalia sikujua nianzie wapi, na wewe ulikuwa umeinamia mashine, nikadhani hutaki kusumbuliwa.'

Mimi nilidhani ni yeye hataki.

Nikamwambia aanzie popote. Akaanza na trekta, Mama, trekta ya mtu wa Ziwa, kule nje ya mji, ambayo imekataa kuwaka, akaeleza boliti kwa boliti, na mimi nikauliza maswali. Tulipofika kwa geti letu alikuwa bado katikati. Tukalipita, tukazunguka mtaa mara ya pili."