Jungu la Wifi Tuhfa

Mabawa, Tanga
11 Januari 2026

Wifi yangu Tuhfa,

Assalaam aleikum. U mzima? Mama naye hajambo? Mfikishie shikamoo yangu, umwambie na magoti yangu yanamsalimia, maana siku hizi yanalia pamoja na yake. Huku wazima, ila mume wangu Safari anakoroma mpaka paka kahama chumba.

Nakuandikia kwa sababu simuni tunaliliana tu, vocha inakwisha hatujasema kitu. Shaabani hiyo inakuja. Mtaani wameshaanza kuulizana, "Mwaka huu mnavunjia wapi jungu?" Nimewajibu Mwambani, pale pale petu. Halafu nikaingia ndani nikakaa kitako, nikalia. Huu ndio mwaka wa kwanza bila kaka Masoud, na wewe tangu umalize eda ukarudi Pemba hujakanyaga tena kizingiti changu.

Njoo, wifi. Miye peke yangu nitavunja nini?

Wifi yako,
Sabra

Wete, Pemba
19 Januari 2026

Wifi Sabra,

Waaleikum salaam warahmatullah. Mama amezipokea shikamoo na magoti, amecheka mpaka kajishika mbavu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Shemeji Safari mlaze ubavu.

Barua yako nimeisomea barazani. Karafuu zimeanikwa uwanja mzima, na ile harufu ikipata jua inalegeza mtu. Nikasinzia na karatasi kifuani. Basi nikajiona niko Mwambani, maji yametoka, mchanga mtupu mpaka mbali, na nyote mmekaa mkekani mnanisubiri nimalize kula.

Unaukumbuka mwaka wangu wa kwanza? Tumeshiba, nikakinyanyua chungu cha mama mkwe nikakipiga kwenye mawe, pwaa! Masoud akapaliwa na wali. Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umepandwa na mashetani?" Nikamjibu, "Si tumekuja kuvunja jungu, mama?" Kumbe kwenu kuvunja jungu ni kula na kucheka kabla ya mfungo, basi. Kwa bibi yangu maneno yalikuwa hayo hayo, ila palikuwa na chungu chenye ufa kimewekwa. Watu wakishashiba wanaombana radhi, kisha kinavunjwa, ili mtu asiingie Ramadhani na kinyongo cha mwaka mzima. Mama mkwe angeweza kunisuta. Akasema tu kuanzia mwakani tununue cha Tuhfa cha kuvunja. Nilimpenda siku ile, Mungu amrehemu.

Lakini mwaka huu sidhani kama nitakuja. Boti inanitapisha. Uniwie radhi.

Wifi yako,
Tuhfa

Mabawa
25 Januari 2026

We Tuhfa,

Salaam nyingi kwako, na kwa mama yako zaidi. Hatujambo.

Boti inakutapisha! Wewe uliyezaliwa kisiwani? Kamdanganye mwingine, mwanamke wee.

Nimekwenda Pongwe kwa Bi Imakulata mfinyanzi. Kaniuliza nataka chungu cha kupikia nini, nikamwambia cha kuvunja. Akanitazama weee, akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma. Sasa kiko jikoni kwangu, kizuri, kina shingo fupi. Kila nikipita nakigonga kwa kidole, kinanijibu.

Wifi, nakujua. Ukificha jambo unaandika vizuri mno. Kuna kitu umekimeza. Kiteme.

Wifi yako,
Sabra

Wete
1 Februari 2026

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa heshima, na leo naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Nimeposwa. Anaitwa Abdulla, mkulima wa mpunga na mikarafuu, mkewe alifariki siku nyingi. Ameleta posa kwa mjomba kwa adabu zote. Ni mtu mpole. Juzi kanichekesha, nikageuka kutazama ni nani anacheka hivyo, kumbe ni mimi. Nilishaisahau sauti yangu, Sabra. Moyo wangu umekubali, lakini mdomo bado haujamjibu mjomba.

Ninachoogopa ni wewe. Mimi na Masoud hatukujaaliwa mtoto. Angekuwepo, ungekuwa shangazi yake, ungekuja kwangu mpaka tuzeeke. Sasa kilichotufunga ni marehemu tu. Nikiolewa na mwingine, nitajiandika nani chini ya barua? Nakupenda kuliko dada niliozaliwa nao, na sitaki kukupoteza kwa ajili ya harusi.

Mjomba anataka jibu kabla ya mwezi kuandama. Ukiwa hukuridhia, naikataa posa. Wallahi naikataa. Niambie.

Wifi yako, kama bado unanitaka,
Tuhfa

Wete
10 Februari 2026

Sabra,

Hujambo? Wazima huko?

Nimeshinda bandarini kuuliza kama kuna bahasha kutoka Tanga. Hakuna. Mama anasema nikupigie simu. Naogopa kuisikia sauti yako ikiwa baridi.

Nijibu hata kwa tusi.

Tuhfa

Botini, natoka Tanga
14 Februari 2026

Wifi yangu Tuhfa,

Assalaam aleikum. Usiniulize hali, ninatapika. Kumbe hukusema uwongo.

Barua yako niliitupa uvunguni. Nilikasirika, usidanganywe na mtu. Nikasema, kaka yangu hata udongo haujakauka, mwenzangu anachekeshwa na watu! Safari akanitazama, akasema, "Udongo umekauka zamani, Sabra. Wewe ndiye unaumwagilia maji." Sikumpikia siku ile. Akala mihogo kwa jirani.

Juzi baada ya adhuhuri nikajinyoosha kwa joto, usingizi ukanichukua. Nikamwona Masoud kakaa mlangoni pa jiko, kanzu yake kaikunja magotini, anakwangua ukoko kwa kijiko. Sikushtuka hata kidogo, nikawa naendelea kukuna nazi. Akakigonga kile chungu cha Pongwe kwa kidole, akaniuliza, "Hiki mnakiwekea nani?" Nikamwambia cha Tuhfa. Akasema, "Mpelekee basi," akarudia ukoko wake. Nilipoamka jiko linanukia wali, na sikuwa nimepika.

Nikalia mpaka basi. Halafu nikatambaa uvunguni, nikaitoa barua yako, nikaisoma tena nimelala pale pale vumbini. Wifi, kaka amekufa. Wewe hujafa, na miye sijafa. Nilikuwa nakutaka Mwambani ukae mkekani kwa niaba yake, nikutazame nimwone yeye. Huo ndio ufa wangu, na nimechoka kuubeba. Niwie radhi. Mwambie mjomba apokee posa. Na huyo Abdulla aje nimkague; asipojua kupalia wali makaa, namrudisha kwao.

Ulisema kwa bibi yako mtu haingii Ramadhani na kinyongo. Kesho Jumapili tutapika wali huko huko kwenu, tutakula, tutaombana radhi, na utakivunja mwenyewe. Nimekipakata tangu gatini. Baharia kaniuliza nimebeba nini, nikamwambia jungu la wifi yangu.

Barua hii sikuipeleka posta. Nitamkabidhi mama mlangoni akupe, nimeshamwomba kwa simu akutoe kwanza jikoni. Ukifika hapa kusoma, miye niko nje, viatu nimeshavua, na chungu kimenichosha mikono.

Hodi.

Wifi yako, olewa na umtakaye,
Sabra