Mama Yako Hatoki Kwenye Gari

Wassim! Ujumbe umeusoma na umenyamaza, kama ulivyonyamaza kisiwa cha Nzwani kilipojitenga na Komoro mara ya kwanza. Mimi shangazi yako sijasahau!

Mama yako amevuka bahari kutoka Mutsamudu, Nzwani, hadi hapa Moroni kutafuta gari litakalofaa magoti yake mabovu. La kwanza refu mno, binamu yako Fakri akamsukuma kwa bega. La pili liko chini, akazama kama shimoni. La tatu limeinuka kidogo tu. Akageuka, akakaa, miguu ikaingia bila kubebwa na mtu. Akacheka peke yake!

Alipouliza bei, muuzaji akasikia lafudhi yake. "Bibi, wewe wa Nzwani? Mnataka kujitenga tena, halafu mnataka na magari yetu? Shuka!"

Mama yako akafunga mlango. Wallahi, akafunga mlango, akamwambia kupitia dirishani:

"Mwanangu, kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mimi niko ndani, wewe uko nje. Piga hodi."

Na muuzaji akapiga! Hodi, kwenye gari lake mwenyewe!

"Ngoja kwanza nijifunge shiromani, nguo yangu ya kujitanda."

Sasa muuzaji kaita polisi, na mama yako kavua viatu kabisa humo garini. Wewe umefunga ndoa kuu hapa Moroni, ile inayompa mtu heshima ya mzee wa mji, neno lako litasikilizwa. Acha kahawa huko Itsandra, njoo sasa hivi umnunulie mama gari!