Namba za Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi

Kamati imekuja tena. Ijumaa ya wiki ijayo wanafungua wodi mpya ya watoto wenye magonjwa ya mapafu, na jina langu limeshaandikwa ukutani kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kuliko za kibao cha choo. Nimewaambia mtu huandikwa ukutani akishakufa. Wakacheka. Sikuwa natania.

Wanataka hotuba ya dakika kumi: jinsi utafiti wangu ulivyofunga kiwanda cha matofali. Baada yangu atazungumza mama Filimbi.

Filimbi alikuwa mgonjwa wangu. Pumu kali, miaka saba, mapengo mawili mbele. Jina alijipa mwenyewe, maana kifua chake kilipiga filimbi na yeye aliona ni kipaji. Imepita miaka kumi na miwili. Bado nikiweka stetoskopu mgongoni kwa mtoto yeyote namsikia yeye kwanza, halafu ndiyo aje huyu aliye mbele yangu. Muuguzi wangu huwaambia wanafunzi: tazameni daktari anavyosikiliza kwa makini. Nami siwasahihishi.

Jumanne, 5 Machi

Kliniki. Watoto thelathini na mmoja, wote wanakohoa kwa zamu kama wamepangiwa.

Mama Filimbi alikuja mchana na zawadi kwenye mfuko wa plastiki. Daftari. Nilimpa mimi enzi zile, pamoja na kile kifaa cha kupuliza: asubuhi na jioni mtoto apulize kwa nguvu zote, mama aandike namba. Namba kubwa, kifua kiko wazi. Ndogo, kimebana. Kasema labda litafaa kuonyeshwa siku ya ufunguzi. "Hukuwahi kuliomba tena, daktari." Hakusema kwa lawama. Ingekuwa nafuu angelaumu.

Nikauliza habari za mumewe, kwa adabu tu. Yupo. Analala chumba cha uani. Na mpaka leo hagusi mlango wa nyumba kubwa bila kuoga kwanza.

Alikuwa mchoma matofali. Kiwanda kimefungwa miaka kumi na mmoja sasa! Anaoga nini?

Lakini najua anaoga nini. Nilimwambia mimi, mbele ya mkewe, wiki moja baada ya mazishi: moshi uliomuua mtoto mliuleta nyumbani kwenye nguo. Nilisema "mliuleta". Nilikuwa namtazama yeye.

Daftari nimeliweka kwenye droo. Nimefunga.

Jumatano, 6 Machi

Nimelisoma. Afadhali ningeacha.

Nyumbani, asubuhi: 180. 185. 180. 190. Jioni: 185. 180. Miezi minne, mstari mmoja haukurukwa. Mtoto wa umri ule, kimo kile, hizo ni namba nzuri.

Nikatoa faili lake la kliniki. Jumanne: 120. Jumanne: 115. Jumanne: 125. Mwandiko wangu. Na chini yake, mwandiko wangu tena, wa kujiamini: "Namba za nyumbani haziaminiki. Mama anatia chumvi."

Anatia chumvi! Mwanamke aliyepiga mistari kwa rula.

Siku ya mwisho pia imo. Jumanne, alfajiri, kabla hawajatoka kuja kwetu: 195. Kubwa kuliko zote. Pembeni kachorwa nyota kwa penseli, na si mkono wa mama ule. Alijichorea mwenyewe. Saa tano na nusu alibanwa akiwa kwenye benchi letu, akisubiri zamu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho.

Wanaishi ukuta kwa ukuta na kiwanda, mtoto anapuliza 195. Anakuja hospitali, anapuliza 115. Nimekaa na hesabu hiyo kutwa nzima. Hesabu ya darasa la kwanza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo sijakanyaga miaka kadhaa. Mchoma taka yupo, amebakiza miezi mitatu astaafu. Nikamwamkia, nikamuuliza kichomea taka kinawashwa lini. Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Tangu aajiriwe. Bomba la moshi ni fupi, kaeleza, upepo ukiwa wa kawaida moshi unaruka ukuta na kushuka upande ule. Akanyoosha mkono.

Upande ule ni mabenchi ya watoto.

Mabenchi nilihamisha mimi. Zamani walisubiri kwenye korido, wakiambukizana mafua. Nilipigana na uongozi mwezi mzima ili watoke nje. Wapate hewa safi — nilisema hivyo hivyo, ipo kwenye barua.

Kasema pia: "Nilimwambiaga muuguzi mmoja, watoto wanakohoa sana nikiwasha. Akaniambia mzee, hao wamekuja kwa sababu wanakohoa." Akacheka kidogo. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Machi

Sina pa kujificha, kwa hiyo naandika.

Watoto wa mtaa wa kiwandani niliwapangia Jumanne. Wa mitaa mingine, Alhamisi. Wa Jumanne walipuliza hafifu kuliko wa Alhamisi, mwaka hadi mwaka. Nikasema: kiwanda. Ripoti, mikutano, picha gazetini. Kiwanda kikafungwa, watu mia mbili wakamwaga unga, na mimi nikapanda cheo. Kiwanda kilipofungwa namba za Jumanne hazikupanda. Nilikuwa na jibu: mapafu yaliyoumia hayaponi haraka. Nina majibu mengi mimi.

Kiwanda kilikuwa na moshi, sikatai. Daftari moja la mama mmoja si ushahidi. Ingekuwa mwanafunzi wangu ndiye kaniletea, ningemwambia hivyo na kumrudishia.

Mume wangu kaniona sili. Nikamweleza yote. Alikuwa mwalimu, anapenda kufuta ubao na kuanza upya. Kauliza: ukimwambia yule mama, utamrudishia nini? Mtoto? Nikasema hapana. Mume wake, labda. Akaniongezea chai ambayo sikuwa nimeinywa.

Jumanne, 12 Machi

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafika. Mabenchi yote ndani, kwenye korido, madirisha ya upande ule yamefungwa. Muuguzi wangu kadhani nimepata wazimu wa kustaafu mapema. Mafua je, daktari? Nikasema leo tutaambukizana.

Saa mbili na nusu moshi ukaja. Mwembamba, hauna hata rangi ya kutisha. Ukashuka polepole pale palipokuwa na mabenchi, ukakaa.

Watoto ishirini na tisa wamepuliza. Ishirini na watatu wamepita namba zao za kila Jumanne, na wengine si kwa kidogo. Kuna mmoja nilikuwa nimepanga kumwongezea dawa leo. Kapuliza, kaangalia kifaa, kaniuliza kama kimeharibika. Nikamwambia hapana, kiko sawa. Nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Mchana nikaenda kwa mkurugenzi. Kasikiliza vizuri, ana adabu yake. Kichomea taka kitasimamishwa, hilo kakubali papo hapo, hata mimi nilishangaa. Lakini ya zamani yasubiri. Wageni wameshaalikwa. Na kwa nini kumtonesha kidonda mama wa watu? Ameshapoa.

Ameshapoa. Analala nyumba kubwa, mumewe uani.

Nikamwambia hiki ni kilemba cha ukoka mnachonivika, na hata mbuzi wakipita watakila. Hakucheka. Kasema nifikirie wodi. Bila jina langu hakuna wafadhili, bila wafadhili hakuna vitanda. Ni kweli. Ndiyo maana nimetoka ofisini kwake bila kuaga.

Kwenye ngazi nimemsikia Filimbi tena. Sikuwa na stetoskopu hata shingoni.

Alhamisi, 14 Machi

Hotuba nimeichana. Ipo nyingine, nusu ukurasa. Mkurugenzi hajaiona.

Jana nilimpigia simu mama Filimbi: aje leo saa nne, aje na mumewe.  Akauliza, kwani amefanya nini tena? Nikasema hajafanya kitu. Nikarudia, hajafanya kitu. Nadhani alisikia ni maneno ya kumtuliza tu.

Saa nne kasoro. Nilikuwa nimepanga mezani daftari, faili, kalenda niliyopewa na mchoma taka, namba za juzi. Nimeviondoa. Ilionekana kama nawashtaki wao. Nimebakiza daftari peke yake, limefunguliwa pale penye nyota. Hapana, nimelifunga.

Neno la kwanza nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi, kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Si wewe." Halafu la pili: "Ni mimi." La pili halitoki vizuri. Naogopa. Nimewapa wazazi habari mbaya maisha yangu yote na sijawahi kuogopa hivi.

Wamefika. Dirisha langu linatazama getini. Mama yuko mbele, mkoba kaukumbatia. Mumewe yuko nyuma, hatua kumi hivi, shati jeupe limepigwa pasi. Amekonda sana.

Muuguzi kagonga: mama yuko mlangoni, baba haonekani.

Anaonekana. Yuko kwenye bomba la getini. Ametoa kipande cha sabuni mfukoni, kakunja mikono ya shati, ananawa mpaka viwikoni. Sasa anaosha shingo. Walinzi wanamwangalia. Mkewe katoka tena nje, kasimama anamsubiri, wala hamwambii aache. Amezoea.

Muuguzi anauliza, aingie mama kwanza? Nimesema hapana, waingie pamoja. Kasema basi tusubiri, maana baba ndiyo kwanza anaanza kujisuuza —